Hackney, mtaa wa maghorofa ya mbao: Mzazi aanzie kutazama chini

Anayeshuka treni katika kituo cha Old Street, London, hufika Murray Grove kwa miguu baada ya dakika chache. Mtaa wenyewe hauna makuu. Kuna nyumba za matofali, baiskeli zilizofungwa kwenye vyuma, na asubuhi wazazi hupita wakisukuma vigari vya watoto. Kando ya barabara limesimama jengo la rangi ya kijivu na nyeupe, lenye sakafu tisa ukihesabu na ile ya chini. Wengi hulipita bila hata kugeuza shingo.

Lakini ukibandua ganda lake la nje na bodi za jipsamu za ndani, utakuta mbao. Kuta ni mbao, sakafu ni mbao, hata kuta zinazozunguka lifti na ngazi ni mbao. Sakafu nane zote za juu ziko hivyo. Ya chini peke yake ndiyo ya zege.

Jengo hilo linaitwa Stadthaus, lilikamilika mwaka 2009 na lina nyumba 29 za kuishi. Kwa mzazi aliyezoea kuona ghorofa likipanda kwa nondo na saruji, swali huja lenyewe: unamlazaje mtoto juu huko, kwenye mbao?

Jibu linapatikana kwa kutembea. Wilaya ya Hackney, mashariki mwa London, ina majengo kadhaa ya aina hii, na matatu kati yake yanaweza kufikiwa kwa miguu katika asubuhi moja.

Si mbao za kuezekea

Mbao hizi hutengenezwa kiwandani. Miti jamii ya paina hupasuliwa, mbao hukaushwa kwenye tanuri, kisha hupangwa kwa tabaka: ya kwanza imelala, ya pili imekatiza juu yake, ya tatu imelala tena. Hupakwa gundi na kugandamizwa mpaka ziwe kipande kimoja kizito. Ni wazo lilelile la plaiwudi, ila hapa kila tabaka ni ubao mzima. Mbao zikikatizana hivyo hazipindi wala kupanuka ovyo, na zinabeba uzito kwa pande zote mbili.

Paneli za Stadthaus zilitengenezwa Austria zikiwa tayari na nafasi za milango na madirisha, zikasafirishwa kwa malori hadi London. Maseremala wanne waliziinua na kuzifunga sakafu zote nane kwa siku 27 za kazi. Kwa majirani wenye watoto wachanga hilo si jambo dogo. Ilimaanisha kelele kidogo, vumbi kidogo na malori machache ya zege mtaani.

Kwa nini chini ni zege?

Sakafu ya chini ya zege inayobeba sakafu nyingi nyepesi juu yake, wajenzi huiita podiamu. Ifikirie kama meza imara iliyobeba makasha. Katika miji ya pwani ya magharibi ya Marekani, kama Seattle na Los Angeles, ni kawaida kukuta podiamu ya zege yenye sakafu moja au mbili, na juu yake sakafu tano za nyumba za mbao.

Sababu zake zinaeleweka hata kwa asiye mhandisi. Chini ndiko maji ya mvua yanakoruka na kulowesha kuta. Chini ndiko gari linaweza kugonga. Chini pia huwekwa maduka, mapokezi na mitambo, vitu vinavyohitaji nafasi pana isiyo na kuta nyingi, wakati vyumba vya kulala vya juu vina kuta kila baada ya mita chache. Zege huupokea mzigo wa kuta hizo za juu na kuupeleka kwenye nguzo chache. Pia huzitenga nyumba za familia na moto unaoweza kuanzia dukani au kwenye maegesho.

Kwa hiyo kwa miaka mingi jibu lilikuwa zege chini, mbao juu. Lakini ukitoka Murray Grove na kuelekea kaskazini mpaka bustani ya Shoreditch Park, utakutana na jengo lililojibu tofauti.

Bridport House: mbao mpaka chini

Kwa macho, Bridport House ni jengo la matofali tu. Lilikamilika mwaka 2011, lina nyumba 41, na ni mali ya halmashauri ya Hackney kwa ajili ya wapangaji wa kawaida. Familia kubwa ziliwekwa chini, kwenye nyumba za sakafu mbili zenye mlango wao wa mbele, ili mtoto atoke nje bila kusubiri lifti.

Matofali yale ni vazi tu. Msingi wa zege ulio ardhini uko palepale, lakini kuanzia sakafu ya chini kwenda juu kinachobeba jengo ni mbao za tabaka. Hakuna podiamu ya zege.

Sababu imefukiwa ardhini. Chini ya kiwanja umepita mtaro mkubwa wa majitaka uliojengwa kwa matofali enzi za Malkia Victoria, na haukupaswa kubebeshwa mzigo mzito. Jengo la zamani lilikuwa dogo, na halmashauri ilitaka nyumba zaidi mahali palepale. Mbao ni nyepesi sana kuliko zege, hivyo familia nyingi zaidi zikapata makazi bila kuulemea mtaro.

Lakini zege likiondoka chini, mbao hukaa karibu zaidi na ardhi na maji. Hapo kazi yote ya kuzilinda hubebwa na vitu ambavyo mpangaji havioni: kuinua kingo za mbao juu ya usawa wa udongo, kuweka utando wa kuzuia unyevu, kuacha nafasi ya hewa nyuma ya matofali, na kupeleka maji ya mvua mbali na ukuta. Fundi akizembea kwenye podiamu ya zege, doa litatokea. Akizembea kwenye mbao, ukuta wenyewe unaweza kuanza kuoza ndani kwa ndani.

Mpaka Dalston

Kutoka hapo unavuka mfereji wa Regent's na kufuata Kingsland Road kwenda juu. Njia inabadilika harufu kila baada ya hatua chache: mikate, kahawa, samaki. Ukifika soko la Ridley Road, mtu wa Afrika Mashariki hupunguza mwendo mwenyewe. Kuna mihogo, viazi vikuu, bamia na ndizi za kupika, na wauzaji wanaita wateja kama vile Kariakoo.

Karibu na hapo, Dalston Lane, lipo Dalston Works, jengo la sakafu 10 lenye nyumba 121, lililokamilika mwaka 2017. Nalo limevaa matofali. Ndani kuna zaidi ya mita za ujazo 3,800 za mbao. Wasanifu wake, ambao ndio waliochora Stadthaus, wanaeleza kuwa lina uzito wa takriban moja ya tano ya jengo la zege la ukubwa huo.

Mwaka huohuo wa 2017 ulibadilisha mazungumzo yote.

Usiku wa Juni 14

Upande wa magharibi wa London, moto ulianzia kwenye friji katika ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell, ukatoka dirishani na kupanda kwenye ganda la nje mpaka juu. Watu 72 walikufa, wakiwamo watoto. Familia nyingi ziliambiwa zibaki ndani zisubiri, kama utaratibu wa jengo ulivyokuwa.

Grenfell halikuwa jengo la mbao. Mifupa yake ilikuwa zege. Kilichowaka ni paneli za alumini zenye plastiki ndani, zilizobandikwa wakati wa ukarabati. Hata hivyo, mwishoni mwa 2018 England ilipiga marufuku vitu vinavyoungua kwenye kuta za nje za majengo mapya ya makazi yanayozidi mita 18, na marufuku hiyo ikazigusa mbao pia. Stadthaus lina urefu wa karibu mita 30 na Dalston Works zaidi ya mita 33. Leo yasingeruhusiwa kujengwa vilevile yalivyo, ingawa wakazi wanaendelea kuishi humo.

Je, mbao nene huwakaje? Hazishiki moto kama kijiti. Sehemu ya nje huungua na kuwa mkaa, na mkaa huo hukinga sehemu ya ndani. Wahandisi hukadiria kuwa mbao hizi huliwa kwa milimita 0.65 hivi kwa dakika, kwa hiyo katika nusu saa moto huwa umekula takriban sentimita mbili. Wao huongeza unene kwa makusudi, kisha hufunika mbao kwa bodi za jipsamu ili moto uchelewe kuzifikia.

Lakini hesabu hiyo ina masharti. Gundi dhaifu ikiachia kwenye joto, tabaka lililoungua huanguka na moto hupata kuni mpya. Bodi za jipsamu zikitobolewa kupitisha nyaya na mabomba bila kuzibwa vizuri, moshi hupata njia. Na katika moto wa nyumba, moshi ndio unaoua wengi, iwe jengo ni la zege au la mbao. Ndiyo maana kwa England majengo mapya ya makazi yanayozidi mita 18 yatatakiwa kuwa na ngazi mbili za kutokea kuanzia Septemba 30, 2026.

Adui asiye na kelele

Moto huogopwa kwa sababu unaonekana. Maji hayaogopwi, na kwa afya ya mtoto ndiyo yanayohitaji jicho la kila siku.

Mbao ikibaki na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 kwa muda mrefu, kuvu hupata makazi. Bomba linalovuja nyuma ya bafu linaweza kufanya kazi hiyo miezi kadhaa bila mtu kujua. Kwa binadamu, ukungu wa ukutani huchochea pumu, kikohozi na mafua yasiyoisha, na watoto wadogo huumia zaidi.

Uingereza ilijifunza kwa uchungu. Desemba 2020, mtoto Awaab Ishak wa miaka miwili alifariki katika mji wa Rochdale kwa matatizo ya upumuaji yaliyotokana na ukungu kwenye nyumba waliyopanga wazazi wake, ambao walikuwa wamelalamika bila kusaidiwa. Kisa hicho hakikuhusu jengo la mbao. Lakini sheria yenye jina lake, iliyoanza kutumika Oktoba 2025, inawabana wenye nyumba za jamii kushughulikia hatari za dharura ndani ya saa 24.

Kuhusu gundi, wazazi wana haki ya kuuliza. Formaldehaidi, kemikali inayotumika katika baadhi ya gundi za mbao, imetajwa na shirika la utafiti wa saratani la WHO kuwa inasababisha saratani. Paneli nyingi za tabaka za Ulaya hutumia gundi ya aina nyingine. Mara nyingi chanzo chake nyumbani ni kabati na vitanda vipya vya MDF. Vikifika, fungua madirisha siku kadhaa kabla ya kumlaza mtoto chumba hicho.

Na huku kwetu?

Pwani ya Waswahili haikuanza leo kuweka mbao juu ya kitu kigumu. Nyumba za kale za Mji Mkongwe, Zanzibar, zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana ni virefu na vyembamba. Ziliposhindwa, mara nyingi ni kwa sababu paa lilivuja na ncha ya boriti ikaoza ndani ya ukuta.

Sasa mazungumzo yamerudi. Fumba, Unguja, nyumba za mbao za kiwandani zimeanza kujengwa, na mwaka 2021 ulitangazwa mpango wa mnara wa mbao wa sakafu 28 utakaoitwa Burj Zanzibar. Bara nako kuna mashamba makubwa ya paina kama Sao Hill, wilayani Mufindi.

Tofauti yetu na Hackney ni moja kubwa: mchwa. London hawawazi jambo hilo. Huku, mbao iliyogusa udongo ni chakula. Kwa hiyo hoja ya podiamu ya zege ina uzito zaidi kwetu kuliko kwao, na anayeiruka ili kuokoa gharama lazima aonyeshe amezuia vipi mchwa na maji.

Mzazi anayeoneshwa nyumba mpya, ya mbao au ya zege, asianze na rangi wala jiko. Ashuke chini kwanza. Aangalie maji ya mvua yanaelekea wapi. Aulize kuna duka au maegesho gani chini ya vyumba vya kulala, na nini kinavitenga. Ahesabu ngazi za kutokea, kisha aonyeshwe ving'ora vya moshi na vijaribiwe mbele yake. Aulize bomba likivuja ukutani anaitwa nani, na huyo mtu huja baada ya siku ngapi.

Dalali akikwepa hilo la mwisho, mzazi aendelee kutafuta.