Dashibodi Inawaka, Taa za Mbele Zimelala



Leo naomba tuzungumze jambo ambalo kwa haraka litaonekana ni la mafundi na madereva tu, lakini ndani yake wamo watoto wetu wanaotembea kwa miguu kando ya barabara. Nalo ni dashibodi ya gari, ile sehemu iliyo mbele ya dereva inayoonyesha mwendo, mafuta na joto la injini. Mwanafunzi wangu mmoja hapa Buterere aliniuliza kwa nini gari la ami yake lina namba zinazowaka mchana kweupe, ilhali gari la zamani la baba yake namba zake huwaka usiku tu. Ni swali la mtoto, lakini jibu lake linatupeleka mbali kidogo.

Tuanze na gari la baba. Gari la zamani lina mishale inayozunguka juu ya bamba lililochapwa namba. Mchana, mwanga wa jua wenyewe ndio unaozionyesha. Usiku, dereva akiwasha taa za nje, vitaa vidogo vilivyo nyuma ya bamba huwaka pamoja nazo, kwa swichi ileile moja. Hapo naomba msipite haraka. Katika gari la namna hiyo, giza la ndani lilikuwa ni ukumbusho wa bure. Jua likizama dereva haoni mwendo wake, mkono unakwenda kwenye swichi, taa za mbele na za nyuma zinawaka. Hakuna aliyekaa akalipanga jambo hilo kuwa kinga ya waendao kwa miguu, lakini ilikuwa kinga.

Gari la ami ni namna nyingine. Mwaka 1989 Toyota walitoa gari la kifahari la Lexus LS 400 lenye mita zinazowaka zenyewe, walizoziita Optitron. Gari likizimwa, pale mbele ya dereva ni peusi tupu. Ukizungusha ufunguo, mishale na namba zinajitokeza gizani kama nyota. Zilipendeza mno, na kilichoanza kwa matajiri kikashuka polepole hadi kwenye magari ya watu wa kawaida. Siku hizi magari mengi hayana hata mshale, yana kioo kama cha simu.

Sasa, kitu kinachotoa mwanga wake chenyewe kina shida ambayo bamba la rangi halina. Mwanga wa jua la adhuhuri hufika kiasi cha luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), na usiku wa mwezi mpevu haufiki hata luksi 1. Ukiiweka dashibodi iwe kali ya kutosha kushindana na jua letu la Buterere, usiku itamchoma dereva macho. Ukiilegeza kwa ajili ya usiku, mchana haisomeki. Kwa hiyo ni lazima ijibadilishe.

Wanafunzi wangu hupenda nikifika hapa, kwa sababu ndipo anapoingia mtu wetu. Ibn al-Haytham alizaliwa Basra karibu mwaka 965 na akafariki Cairo karibu mwaka 1040. Katika Kitab al-Manazir, chenye sehemu saba, alieleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia jichoni, akiwapinga Wayunani kama Euclid na Ptolemy waliosema kwamba jicho ndilo linalotoa miali. Akaeleza pia kwamba mwanga mkali hufunika ulio dhaifu. Nyota zipo juu yetu adhuhuri, lakini jicho halizipati kwa sababu ya mwangaza wa anga. Na jicho likitazama mwanga mkali kisha likageukia mahali pa giza, kwa muda halioni vizuri. Basi mambo hayo mawili ndiyo anayohangaika nayo hadi leo mhandisi wa dashibodi: namba zisifunikwe na jua mchana, na zisimpofushe dereva usiku.

Dawa waliyoipata ni kijidude kidogo kinachopima mwanga. Mara nyingi kinakaa juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele, kama kitufe cheusi cha mviringo. Kikiona jua, kinaambia kioo kiongeze mwanga. Kikiona giza, kinapunguza. Katika magari mengine ndicho hichohicho kinachowasha taa za nje.

(Wazazi wenye magari, naomba mwangalie kitufe hicho kama kiko wazi. Sisi Waislamu tuna mapenzi yetu: kitambaa cha manyoya juu ya dashibodi, boksi la tishu, maua ya plastiki, na wengine msahafu. Kitufe kikifunikwa, gari linadhani ni usiku. Namba zinafifia mchana, na mwenye gari anakwenda kwa fundi umeme kulalamika kwamba meta imekufa. Fundi asiye na haya atakuuzia meta nyingine!)

Jambo la pili ni mahali jicho lilipo. Watu hawalingani urefu, na jicho la mtu wa miaka 20 si jicho langu mimi niliyepita 40. Lenzi ya jicho hukakamaa na umri, ndiyo maana wenzangu wengi wa rika hili husogeza kitabu mbali wanaposoma. Dereva wa umri huo akitoka kutazama barabara ya mbali na kushuka kwenye namba zilizo karibu na mkono wake, jicho huchelewa kujirekebisha. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari linakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde moja tu ya kutafuta namba, na umepita nyumba kadhaa bila kuona.

Wahandisi walilijibu hilo kwa kuiga ndege za kivita, ambazo rubani huonyeshwa namba zake juu ya kioo bila kuinamisha kichwa. Sisi tunaoishi jirani na uwanja wa ndege tunaziona ndege kila siku, na kumbe wazo limeshuka kutoka huko hadi barabarani. Mwaka 1988 General Motors waliliweka katika Oldsmobile Cutlass Supreme chache, na Nissan katika Silvia. Mwanga wa namba hurushwa kwenye kioo ili zionekane kana kwamba zinaelea mbele ya gari, na dereva huweza kuzipandisha au kuzishusha kulingana na urefu wake. Mwaka 2020 Mercedes-Benz walitoa S-Class ambayo, kwa atakayelipia, ina kamera zinazofuata macho ya dereva ili picha ionekane kuwa na kina bila miwani. Kichwa kikisogea, picha nayo inarekebishwa.

Njia nyingine, ya bei nafuu, mnaijua bila kujua kwamba mnaijua. Toyota Vitz ya mwaka 1999 ilikuja na namba zake katikati ya dashibodi badala ya nyuma ya usukani. Jicho halishuki sana, na namba ziko mbali kidogo zaidi. Kwetu Burundi zina faida ya kuchekesha: abiria naye anausoma mwendo, na mama mwenye watoto kiti cha mbele anaweza kumwambia dereva apunguze akiwa na ushahidi!

Lakini hapa Burundi, jicho la dereva liko mahali ambapo mhandisi hakupakusudia. Sisi tunaendesha upande wa kulia, na magari mengi tunayonunua yametoka Japan, ambako wanaendesha kushoto. Usukani uko kulia, dereva anakaa upande wa mtaro, na anayeona kwanza gari linalokuja ni abiria. Taa za mbele za magari hayo nazo zimetengenezwa ziinue mwanga upande wa kushoto, ambako kwa Wajapani ndiko ukingo wa barabara. Kwetu kushoto ndiko anakotoka mwenzako, basi mwanga unamwingia machoni. Akishapigwa mwanga huo, mtoto aliye pembeni hamwoni tena kwa sekunde kadhaa. Ni lile la Ibn al-Haytham, tena barabarani.

Sasa nirudi kwenye ukumbusho wa bure niliowaomba msiupite haraka, kwa sababu umetoweka.

Mwaka jana, kipindi cha mvua, nilikuwa ninawavusha wanafunzi baada ya Maghrib. Ni saa ile ambayo anga bado ina weupe kidogo juu ya milima ya Kongo, lakini chini barabarani kumekwisha kuwa giza. Gari dogo la kijivu likatujia bila taa hata moja. Mtoto wa mwisho kwenye mstari alivutwa na mwenzake kwa kanzu. Dereva alifunga breki, gari likasimama hatua chache mbele yetu. Alhamdulillah, hakuna aliyeguswa. Akateremka kijana, anatetemeka.

"Ustadh, nisamehe, sikuwaona. Lakini taa nimewasha!"

"Mwanangu, hebu njoo huku mbele uangalie."

Akaja, akaangalia, akashika kichwa. Kisha akanionyesha ndani. Dashibodi ilikuwa inang'aa vizuri, buluu na nyeupe, kila namba inasomeka. "Niliona meta inawaka," akasema, "nikajua na taa zinawaka." Hakuwa amelewa, hakuwa na haraka, wala hakuwa anaongea na simu. Gari lake lilikuwa limemhudumia yeye barabara, macho yake yakaridhika, na sisi tulio nje hatukuwemo katika hesabu.

Jambo hili si la Bujumbura peke yake. Kanada walilijua hadi wakalipa jina, magari ya mzimu, na kuanzia Septemba 2021 magari mapya yanayouzwa huko ni lazima yafanye moja kati ya mambo matatu: taa za nyuma ziwake pamoja na dashibodi na taa za mchana, au taa zote zijiwashe zenyewe gizani, au dashibodi ibaki giza mpaka dereva awashe taa. Njia hiyo ya tatu ni lile gari la baba! Japan nao, kuanzia Aprili 2020, walilazimisha magari ya aina mpya yawe na taa zinazojiwasha zenyewe, na Oktoba 2021 wakaongeza aina zilizokuwa tayari zinatengenezwa. Ila magari yanayotufikia sisi yamekwisha tumika miaka mingi huko. Hayo yenye sheria mpya yatachelewa kutawala barabara zetu, na haya ya kati, yenye dashibodi inayojiwasha na taa zisizojiwasha, ndiyo tuliyonayo.

Na taa za mchana zisiwadanganye. Ulaya walianza kuzidai kwa aina mpya za magari mwezi Februari 2011, lakini huwaka mbele tu. Nyuma gari linaweza kuwa giza totoro, na mwenye baiskeli aliyebeba mkaa ataliona likiwa limesimama mbele yake amekwisha lifikia.

Sisi pia tuna jioni fupi. Bujumbura iko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta, jua linazama karibu na saa 12 mwaka mzima, na baada ya dakika 20 hivi mwangaza umekwisha. Wenzetu wa kaskazini mwa Ulaya, wakati wa kiangazi, huwa na zaidi ya saa nzima ya kukumbuka swichi. Dakika zetu 20 ndizo hasa watoto wanatoka madrasa, akina mama wanatoka sokoni, na malori ya taka yanarudi kutoka dampo letu.

Baada ya tukio lile, wazazi wawili madereva walikubali kufanya jambo dogo. Kila siku adhana ya Maghrib inapoanza, aliye barabarani anazungusha swichi ya taa hata kama bado anaona vizuri. Wakiwasha taa mapema hivyo, dashibodi za baadhi ya magari hufifia zikidhani ni usiku, na mmoja wao alilalamika hazisomeki. Tulimwonyesha gurudumu dogo la kupunguza mwanga karibu na usukani. Katika Toyota nyingi, ukilisukuma juu kabisa mpaka lilie "tik", namba zinabaki na mwanga wa mchana huku taa za nje zikiwaka. Kijana wa lile gari la kijivu naye hupita hapa mara kwa mara. Akifika kwenye kivuko cha madrasa hutuwashia taa mara mbili, na watoto humpungia mkono.