Jina la Mtu Katika Picha

Picha ya zamani ni shahidi mwaminifu, lakini ni shahidi bubu. Humfaa mtu amwulizaye kwa utaratibu. Mwenye haraka humsingizia maneno. Nilijifunza jambo hili Parklands, mjini Nairobi, na kwa kuwa kosa langu laweza kuwa lako, msomaji kijana, nitakueleza lilivyokuwa.

Nilipokuwa mwanafunzi, rafiki yangu mmoja alinialika kwao. Sebuleni palitundikwa picha isiyo na rangi: kijana wa Kisingasinga, mwenye kilemba, amesimama kando ya gari dogo lenye mgongo wa kobe, na namba ya mashindano mlangoni. Nikasema kwa sauti ya mjuzi, "Huyu ni Joginder Singh, na hii ni Volvo yake ya 1965!" Nilizijua habari zake. Mwaka ule yeye na ndugu yake Jaswant walishinda mashindano ya Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na wengine. Naye akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Bibi wa rafiki yangu alitabasamu, akanikaribisha chai.

Chai ilipokuwa ikipoa niliitazama picha tena, mara hii kwa macho, si kwa hamu. Nikaona mambo mawili. La kwanza ni uso wa gari. Volvo ile ina injini mbele, kwa hiyo uso wake una wavu wa kupitishia hewa kwenye rejeta. Gari la pichani lilikuwa na uso mtupu. Lilikuwa Volkswagen, ambayo injini yake hukaa nyuma, hupozwa kwa hewa, wala haina haja ya rejeta. La pili ni kibao kilichofungwa mbele, chenye maneno "Coronation Safari". Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Jina hilo lilidumu hadi 1959. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Basi picha ile haikuweza kuwa ya 1965.

Angalia vizuri hapa. Gari peke yake lisingalinitosha. Umbo la gari hukuonyesha mwaka ambao picha haikuweza kupigwa kabla yake. Halikuonyeshi mwaka ilipopigwa, maana gari kuukuu laweza kushindana miaka mingi baada ya kuundwa. Namba ya mlangoni nayo hutolewa upya kila mwaka. Bila orodha ya washindani wa mwaka huo, haimtaji mtu. Herufi ya kwanza ya namba ya usajili hutaja nchi tu: K ilikuwa Kenya, U Uganda, T Tanganyika. Na kilemba? Kilemba kilinionyesha dini ya mtu, hakikunipa jina lake. Nilikuwa nimeona kilemba, nikaacha kumwona aliyekivaa.

"Bibi, nimekosa," nikasema. "Huyu si Joginder."

"Si yeye, mwanangu," akajibu kwa upole. "Ni marehemu mume wangu. Wala hakuwa dereva. Alikuwa fundi, akakesha akilitengeneza gari hilo. Wageni wengi husema ni Joginder. Huwaacha, kwa kuwa hufurahi."

Maneno hayo yalinichoma kuliko karipio. Kwa miaka mingi mama yule alikuwa ameketi chini ya picha ya mumewe, akisikia wageni wakimwita kwa jina la mtu mwingine. Joginder hakupungukiwa na sifa, maana alikuwa nazo tele. Fundi yule alikuwa na picha moja tu, nayo tulimnyang'anya.

Nikaomba ruhusa, tukaishusha picha. Kwa penseli, polepole, niliandika nyuma yake jina alilonitajia, kazi ya mwenye jina hilo, na maneno haya: "Coronation Safari, kati ya 1953 na 1959." Mwaka mmoja sikuandika, maana picha haikunipa. Bibi alisoma, akaifuta kioo kwa ncha ya mtandio wake, akairudisha ukutani kwa mkono wake mwenyewe.