Barua Iliyokosa Saini

Januari ya mwaka 2019 mwanetu alitupigia simu kutoka Marekani usiku wa manane, akatuuliza habari za nyanyake, za mwembe na za paka, hata tukajua kuna jambo analolizunguka. Alikuwa na desturi ya kutuma fedha za dawa za nyanyake kila katikati ya mwezi. Mwezi ule hazikuja, nasi, tukiri, tulikwisha anza kunong'ona kwamba ugenini kumemfunza uchoyo. Nyanyake peke yake hakunong'ona.

"Serikali imefungwa," akasema.

Hatukumwelewa. Hapa kwetu tumezoea vyuo kufungwa wahadhiri wanapogoma; serikali kufungwa kama duka lilikuwa neno geni masikioni mwetu. Akatueleza kwamba kwa Katiba ya huko haitoki senti hazinani pasipo sheria ya Bunge. Rais Donald Trump alitaka dola bilioni 5.7 za ukuta wa mpaka wa Mexico, hawakuafikiana, na tangu tarehe 22 Desemba idara kadhaa zikawa hazina fedha. Taasisi za utafiti wa afya zilinusurika kwa kuwa bajeti yao ilikwisha pitishwa. Taasisi ya Taifa ya Sayansi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikilipia utafiti wa mwanetu, haikunusurika.

Yeye anachunguza matope ya mikoko ya Gazi, apate kujua yanahifadhi hewa ya ukaa kiasi gani. Ufadhili wake ulikoma mwisho wa Desemba, na barua ya kuuendeleza ilikuwa tayari, imebakia saini tu. Mwenye kutia saini alikuwa nyumbani kwake, amekatazwa kazi. Sisi, kwa mazoea yetu, tukamwambia atafutwe mtu amjuaye, aombwe kwa utu atie saini hata jikoni kwake. Mwanetu alicheka kwa mara ya kwanza usiku ule. Wanayo sheria yenye asili ya mwaka 1884 inayokataza serikali kupokea hata kazi ya bure, isipokuwa ya kuokoa maisha au mali. Afisa yule hakuruhusiwa hata kujibu barua pepe. Chuo nacho kilisema hakina fungu la kumshikilia, na viza ya mwanafunzi haikumruhusu kwenda kuuza duka mjini.

Zamu ya mchezo wetu wa kina mama ilikuwa ya jirani. Tulimwendea baada ya Alasiri, naye akatuachia zamu yake kabla hatujamaliza maneno. Kijana wa dirisha la kutuma fedha alituuliza mara mbili: "Mnapokea kutoka Marekani, au mnatuma?" Tukamjibu tunatuma. Akatutazama, akaandika.

Serikali ilifunguliwa tarehe 25 Januari, baada ya siku 35. Watumishi wake walilipwa mishahara ya siku zote walizokaa nyumbani, kwa sheria iliyotiwa saini mwezi huohuo. Lakini mafaili yalikuwa yamerundikana, na barua ya mwanetu ilitoka mwisho wa Machi. Vipimo vyake vilitaka ukavu wa kaskazi, kabla ya masika kuyajaza matope maji ya mvua. Tiketi ya Februari ikafutwa. Utafiti ukasogezwa mwaka mzima, naye akasogea pamoja nao.

Nyanyake alikuwa amemwekea achari ya maembe ya msimu ule, chupa mbili, akikataza mtu kuzigusa. Alitutoka mwezi wa Shaabani.

Mwanetu alikuja Januari ya mwaka 2020. Kila jioni alirudi kutoka Gazi na matope hadi magotini, akaoga, akaja kuketi ukingoni mwa kitanda cha nyanyake na daftari lake la vipimo. Siku ya tatu aliuliza kama ile achari bado ipo. Tukamletea.