Fundi wa Pampu wa Kolwezi

Ujanani mwangu maji yalikuwa adui. Nilikuwa mgodini Kolwezi, Kongo, katika kikosi cha kutoa maji, na tulipimwa kwa jambo moja tu: shimo likauke ili wenzetu wachimbe shaba. Miamba ya ukanda huu wa Lualaba ina nyufa nyingi, hasa dolomiti, na nyufa hizo zimejaa maji. Pampu zikizimwa, maji hupanda. Mwenye shaka aliuona ushahidi pale KOV, mgodi wa wazi wa Kolwezi: pampu zilipokoma, shimo lile kubwa likawa ziwa, na wawekezaji waliokuja baadaye walilazimika kuyatoa maji kwanza ndipo wafikirie madini.

Mwaka 2003 mpango wa kuondoka kazini kwa hiari, uliogharamiwa na Benki ya Dunia, uliwatoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kutoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Nami nilitoka. Wapo waliofungua duka, wapo waliorudi kijijini kulima mahindi. Mimi nilikuwa na spana zangu, megohmita kuukuu ya kupimia waya niliyoinunua mwenyewe, na masikio yaliyozoea sauti ya mota. Basi nikaanza kuzunguka Manika na Dilala, sehemu mbili za mji wa Kolwezi, nikiwatafutia watu yale maji niliyoyafukuza miaka yote.

Mji ulikuwa unapanuka. Mabomba ya zamani yalilazwa kwa ajili ya kambi za wafanyakazi, na mitaa mipya ilikwenda mbali kuliko mabomba. Watu walichimba visima kwa mkono, wakavuta kwa ndoo na kamba. Fedha ya shaba iliporudi, kila aliyejenga nyumba ya matofali alitaka pampu. Na pampu zilianza kufika kwa makasha, za kila bei, nyingi zikiwa ndogo za kukaa juu ya ardhi.

Hizo za juu ndizo zilizonipa kazi nyingi kuliko zote. Mama mmoja wa Manika aliniita akiwa amekasirika. “Papa fundi, wameniuzia pompi iliyokufa. Inalia tu, mayi haitoki.” Pampu ilikuwa mpya, na kasha lake lilisema inavuta hadi mita 9. Nilishusha kamba yenye jiwe kisimani: maji yalikuwa chini kidogo ya mita 8. Kwa hesabu ya kasha, ingefaa. Kwa hesabu ya Kolwezi, haiwezekani.

Pampu ya juu haivuti maji hata kidogo. Inaondoa hewa ndani ya bomba, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Mombasa au Dar es Salaam, ufukweni, hewa hiyo ina nguvu ya kupandisha maji karibu mita 10 kwa hesabu ya vitabuni. Sisi tunaishi zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na hesabu hiyohiyo inashuka hadi mita nane na nusu hivi. Toa msuguano wa bomba, toa viungo vinavyopitisha hewa, unabaki na mita sita, saba ukibahatika. Aliyeandika kasha lile hakuwafikiria watu wa mlimani. Mwenye duka hakumwibia yule mama. Wote wawili walisoma karatasi ileile wakaiamini.

Tena kisima hakikai mahali pamoja. Mwezi Machi, mvua ikiwa imeshiba, maji yako juu na kila pampu ni nzuri. Oktoba, kabla mvua hazijashika, yameshuka, na simu yangu hailali. Ndiyo maana nilipenda kuuza pampu ya kuzama: inakaa ndani ya maji na kuyasukuma kutoka chini, na hewa nyepesi haiihusu.

Wapo waliotafuta njia ya mkato. Walijenga kijukwaa ndani ya kisima wakaishusha pampu ya juu ikaribie maji. Mvua ikirudi, maji yanapanda na kuizamisha, pamoja na umeme wake. Wengine walishusha ya petroli. Hapo sikuwa na maneno ya upole. Moshi wa injini ndani ya kisima hauonekani wala haunuki vya kutosha kukuonya, na anayeshuka kumwokoa wa kwanza humfuata. Kazi ya namna hiyo niliikataa hata nilipokuwa sina senti.

Umeme nao una kisa chake. Kolwezi ndipo unapoishia waya wa umeme utokao mabwawa ya Inga, kilomita 1,700 za nguzo zilizokamilika mwaka 1982, na mabwawa ya Nzilo na Nseke yako jirani tu, juu ya mto Lualaba. Hata hivyo, jioni, watu wakipika, voltimita yangu ilionyesha 160 mahali palipostahili 220. Mota ikikosa volti hunywa ampea zaidi, inapata joto, na waya wake wa ndani unaungua taratibu. Mwenye nyumba huona siku ya kufa tu. Dawa niliyoitoa ilikuwa kifaa cha kukata umeme ukishuka, na tangi juu ya mnara, ili mtu ajaze usiku wa manane umeme ukiwa na nguvu. Na mota ikinguruma bila kuzunguka, nilibadilisha kapasita kwanza, kitu cha dola chache. Mafundi kadhaa wameuza pampu nzima kwa sababu ya kapasita.

Kabla ya kutoa pampu ya kuzama kisimani nilipima waya kwa megohmita nikiwa juu. Waya ukiwa mzima, na mota nzima, huna haja ya kuwaita vijana wa kuvuta. Wakivuta, wanavuta kwa kamba, kamwe si kwa waya wa umeme.

Kasulo, mtaa wa mji huuhuu, sikupenda kwenda. Mwaka 2014 mkazi mmoja aliyekuwa akichimba kwenye kiwanja chake alikuta heterojeniti, jiwe la kobalti, na mtaa mzima ukageuka mashimo chini ya vitanda. Niliitwa huko na baba mmoja ambaye kisima chake kilikuwa kimekauka ghafla. Pampu ilikuwa nzima kabisa. Chini ya ardhi, wachimbaji wa jirani walikuwa wamepita, na maji yalifuata njia yao. Alitaka pampu yenye nguvu zaidi. Nilimwambia hakuna nguvu ya kusukuma maji yasiyokuwapo, nikadai nauli tu.

Sasa magoti yamekataa, na mwanangu ndiye anayebeba spana. Ninyi wenye visima, mwandikieni fundi wenu kwa rangi ya mafuta kwenye mfuniko: kina cha kisima, kina ilipofungwa pampu, tarehe, na maji yalipofika Oktoba. Bila hayo, kila fundi anayekuja ataanza kwa kubahatisha, na atabahatisha kwa fedha yenu.