Harusi imekaribia na mitihani ya masters bado: tulivyovuka mwisho wa muhula



Msimu wa harusi ukikaribia, maswali ninayoulizwa sana ni ya shela, lesi na rangi. Siku hizi limeongezeka jingine: "Dada, nasoma masters, mitihani yangu imegongana na harusi. Nifanyeje?" Mimi nimesoma mpaka sekondari, kisha nikajifunza ushonaji, kwa hiyo kuandika tasnifu siwezi kukufundisha. Ninachoweza ni kukueleza tuliyopitia nyumbani kwetu hapa Gulwe, mdogo wangu alipokuwa akimaliza muhula wa pili wa uzamili Chuo Kikuu cha Dodoma, na posa kutoka Unguja imeshapokelewa.

Wazee wengi wanadhani mwisho wa muhula ni kuingia chumba cha mtihani na kutoka. Kumbe kuna kazi za kuandika za kila somo, zote zinatakiwa ndani ya siku chache. Kuna kuwasilisha mbele ya wenzako. Kuna mitihani yenyewe, na msimamizi naye anauliza pendekezo la utafiti limefika wapi. Ukianguka somo kuna sapu, na sapu hailingojei fungate lako.

Harusi nayo ina ratiba yake. Mnajua wenyewe huko visiwani: mwari anatakiwa atulie ndani, asingwe, apakwe hina na piko, akae na somo wake afundwe. Wazee walipanga tarehe, na ratiba ya mitihani ilipotoka tukakuta harusi imeangukia katikati. Shangazi akasema, "Masomo yapo kila mwaka, mume hapatikani kila siku." Mdogo wangu akanyamaza. Usiku akaniambia, "Dada, bora niache, nisiwaaibishe."

Mama ndiye aliyekataa. Alisema kijana alipoleta posa alimkuta anasoma, hakufichwa, basi aambiwe. Ratiba ikapigwa picha, baba akampigia simu mzee mwenzake wa Unguja, wakazungumza kwa heshima. Kijana mwenyewe akasema atasubiri. Harusi ikasogezwa wiki tatu. Haikuwa bure: arubuni ya ukumbi ilipotea, na shangazi alikuja harusini bado amenuna. Lakini binti alifanya mitihani yake yote.

Hapo nilijifunza jambo moja ambalo nawaambia mabibi harusi wote wanaokuja kupimwa: mwisho wa muhula ni shughuli ya nyumba nzima, kama ilivyo harusi. Ukiubeba peke yako kwa siri, watu watakupangia mambo juu yake bila kujua. Zitaje tarehe zako mapema, siku ile ile ya posa, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Na kama unataka kuendelea kusoma baada ya ndoa, liseme wazi kabla ya akdi, na mmuulize sheikh wenu namna ya kuliweka kama sharti. Mtume (s.a.w.) amesisitiza sana kutimizwa kwa masharti ya ndoa.

Sisi watu wa Gulwe reli imetufundisha kuacha nafasi. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliharibu njia kati ya Kilosa na hapa kwetu, treni zikasimama kwa miezi. Toka hapo mtu mwenye safari ya lazima hapangi kufika siku ile ile ya shughuli. Na wewe usiweke harusi kesho yake ya mtihani wa mwisho. Acha wiki mbili au tatu za kulala, kula na kusingwa.

Kwa upande wa nguo, nasema kama fundi. Mwili wa mwanafunzi wakati wa mitihani hauaminiki. Mwingine hali, kiuno kinapungua inchi mbili. Mwingine anakula usiku kucha, zipu haipandi. Nipe vipimo mapema ninunue kitambaa, lakini kukata tungoje umalize. Ikishindikana, nakuachia inchi moja ya ziada kila upande ndani ya mshono, na tunajaribisha tena siku chache kabla.

Ibada nayo isiachwe ikawa ya kubanwabanwa. Mtihani wa saa 8 mchana hadi saa 11 hauna tatizo ukijipanga: swali Adhuhuri kabla ya kuingia, Alasiri utaikuta ukitoka. Mtume (s.a.w.) hakupenda mazungumzo ya bure baada ya Isha. Mdogo wangu alifuata hilo: akiswali Isha anazima simu analala, anaamka kabla ya Alfajiri, anaswali rakaa zake mbili, ndipo anafungua daftari. Alisema saa moja ya wakati ule inazidi saa tatu za usiku wa manane.

Na sisi tuliobaki nyumbani tuna sehemu yetu. Kwa wiki zile hakuosha vyombo, hakuteka maji, hakutumwa dukani, wala hakuulizwa rangi ya maua. Waume wanaosoma hapa, nanyi sikieni: Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Basi mume akipika wali wiki mbili mkewe amalize mitihani, hajapungukiwa heshima yoyote.

Kama uko kwenye wiki hizo sasa, mwite mtu mmoja nyumbani leo, mama, dada au wifi, umwonyeshe ratiba yako yote, umwambie kitu kimoja unachotaka akupokee. Kimoja tu. Wengi watakubali, walikuwa hawajui.

Allah awafanyie wepesi wote walio katika mitihani, ya chuo na ya dunia, na awajaalie maharusi wetu ndoa za utulivu na mapenzi. Aamin.