Kesho Isiyofika



Januari 2016 nilikuwa Gilgil, nyumbani kwa binti yangu. Mumewe ni mwanajeshi, na wakati huo alikuwa Somalia, ambako majeshi ya Kenya yaliingia Oktoba 2011. Nilitoka Mombasa kwenda kumsaidia, kwani alikuwa peke yake na watoto wawili katika mji wa baridi, mbali na jamaa zake.

Mjukuu wangu mkubwa, mwenye miaka mitano, aliniuliza kila magharibi, "Babu, baba aja lini?" Nami kwa huruma nikimjibu, "Kesho, inshallah." Akifurahi, akila, akilala. Nikadhani nimetenda wema.

Ijumaa, tarehe 15, kambi ya askari wetu ya El Adde, huko Gedo, ilishambuliwa, wakauawa wengi. Simu ya mkwe wangu ikawa haipatikani. Binti yangu alizima redio, akawaogesha watoto, akawapa chakula saa ile ile ya siku zote. Mtoto akaniuliza swali lake. Kabla sijafungua kinywa, mamake akatangulia: "Baba, nakuomba usimwambie kesho. Zimempita kesho nyingi. Siku nitakapokuwa na neno zito la kumwambia, ataniamini vipi?"

Akampakata mwanawe, akamwambia, "Baba yuko kazini, mbali. Siku atakayorudi siijui. Nikiijua, nitakwambia. Sasa tumuombee." Mtoto alilia sana, kisha akainua mikono.

Niliona haya. Kwa miaka mingi nimewasomesha wanafunzi hadithi iliyomo katika Abu Daud: mama mmoja alimwita mwanawe, Abdullah bin Amir, aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) yupo nyumbani mwao. Mtume akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akasema, tende. Mtume akambainishia kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Je, mimi nilikuwa na tende gani mkononi? Kurudi kwa askari kumo katika ilimu ya Mwenyezi Mungu, nami jina Lake nimelifanya pazia la ahadi nisiyoimiliki.

Siku ya nne simu ililia. Mkwe wangu alikuwa salama, katika kambi nyingine. Tulimshukuru Mola, huku tukijua kwamba ziko nyumba ambazo simu yao haikulia. Mtoto akamuuliza babake, "Waja kesho?"

"Sijui, mwanangu."

"Haya. Sisi twakuombea."

Enyi akina mama mnaolea peke yenu, awe mume ni askari, ni baharia au yuko kazini Ghuba: mtoto hahitaji kujua hofu zenu zote, lakini lile mnalomwambia liwe kweli. Saa ya chakula, ya kulala na ya dua zisibadilike. Hizo ni ahadi mnazoweza kuzitimiza. Nasi wazee tuendao kuwasaidia, tuulize kwanza mama wa nyumba amewaambia nini wanawe, tusije tukabomoa kwa huruma alichokijenga kwa subira.