Vidole vya Bibi

Mwaka 2019, tulipotakiwa sote tujisajili kwa Huduma Namba, nilimpeleka bibi kituoni. Mashine ikakataa kumsoma. Bibi amesuka makuti na kukuna nazi tangu utotoni, na ncha za vidole zimesuguka hata michirizi haionekani. Kijana wa usajili akavipangusa kwa kitambaa, akajaribu tena na tena mpaka vikakubali.

"Sasa vinakaa wapi, baba?" bibi akamuuliza.

Kijana akacheka. Nami, mwandishi wa habari mzima, nikacheka.

Kumbe ndilo lilikuwa swali lenyewe. Usajili ulianza Aprili. Sheria ya Kulinda Data ikatiwa saini Novemba. Yaani mali ilitangulia, kufuli likafuata. Ni kweli Ibara ya 31 ya Katiba ilishatupa haki ya faragha tangu 2010, lakini haielezi nani ashike ufunguo, wala mlango ukivunjwa nani aambiwe. Sheria ya 2019 angalau inataja muda: Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72.

Kesi zikaenda mahakamani. Januari 2020 majaji watatu walikataza kuchukuliwa kwa DNA, wakasema mfumo hauwezi kuendelea bila kanuni za kutosha. Kadi zikaanza kutolewa hata hivyo. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema zimetolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa tathmini ya athari inayotakiwa na kifungu cha 31 (namba ileile, sadfa tu) haikufanywa. Na je, sheria ya Novemba inaweza kuigusa data ya Aprili? Jaji akasema ndiyo, inarudi nyuma. Niliisoma sentensi hiyo kwenye matatu, nikapitiliza kituo changu.

Maana neno la siri la simu likivuja, nalibadilisha kabla chai haijapoa. Kidole nakibadilisha na nini?

Si kwamba naogopa wadukuzi peke yao. Mwaka jana nilinunua sambusa stendi, nikafungiwa kwenye karatasi. Kuifungua, ni kopi ya kitambulisho cha mama mmoja: jina, namba, siku ya kuzaliwa, uso umelowa mafuta. Aliiacha mahali akiamini imehifadhiwa. Sambusa nilikula. Karatasi niliichana vipandevipande, nikabaki navyo mfukoni hadi nyumbani, sijui kwa nini.

Siku hizi jina ni jipya, Maisha Namba. Nilimweleza bibi taratibu: sheria ipo, Kamishna yupo, na yeye mwenyewe ana haki ya kuuliza wana nini chake na wanakitumiaje. Alinisikiliza huku akisuka, hakuinua macho.

"Sawa, mjukuu wangu. Na vile vya kwanza, mlivipeleka wapi?"

Nikamwambia nitauliza.

"Uliza," akasema. "Safari hii usicheke."